Mjadala wa Baraza juu ya Djibril Diop Mambéty

Djibril Diop Mambéty wa Senegali alizaliwa mwaka 1945 katika kitongoji cha Colobane, pembezoni mwa Dakar, akafariki dunia mjini Paris mwezi wa Julai 1998. Na katika aushi hiyo isiyofika miaka 54, ijapokuwa jina lake lilitajwa kwa taadhima kila walipokutana watu wenye kuijua sinema, filamu ndefu alizozitimiza zilikuwa mbili tu, Touki Bouki ya mwaka 1973, yaani safari ya fisi, na Hyènes ya mwaka 1992, na baina ya hizo mbili ikapita miaka 19 ambayo kwa mtu mwingine ingetosha kuwa umri mzima wa kazi. Hakupita chuo cha filamu. Alianza kwa kuigiza jukwaani, akafukuzwa kwa utovu wa nidhamu, akaishika kamera. Na nathubutu kusema kwamba utovu ule wa nidhamu aliuhamisha wote, bila kupunguza hata chembe, akautia katika filamu zake.

Imezuka hoja kama yafaa, katika mji wa pwani ambao watu wake sasa hutazama filamu kila mmoja pembeni kwa simu yake, kutandaza shuka jeupe ukutani na kumfanyia mtu huyu usiku wa kumbukumbu. Kwa kuwa sauti yangu peke yake ingeelemea upande mmoja, nimeziita sauti tatu za barazani zishindane mbele ya msomaji: Mwalimu, mstaafu wa somo la historia; Bi Mhariri, mwanamke wa makamo ambaye riziki yake ni kukata na kuunganisha picha za filamu; na Mzee wa Mashine, aliyekuwa akiendesha projekta za majumba ya sinema tangu enzi ya mikanda mizito iliyoletwa kwa makasha ya bati. Nimewapa kila mmoja haki yake ya kusema, wala sikuahidi kwamba nitawapimia sawasawa.

MWALIMU: Nianze kwa kumwombea marehemu rehema, maana sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na ninyi mnaotaka kuwaita wavuvi, wauza samaki na wanafunzi, mkawakalisha mikekani saa za usiku, kisha mkawaonyesha picha ambazo hata waliozisomea hugombana juu ya maana yake. Mimi nina kipimo changu, nacho ni Ousmane Sembène, Msenegali mwenzake. Yule alikuwa kuli wa bandari ya Marseille, akajifundisha uandishi, akatoa vitabu vya Kifaransa vilivyosifiwa, kisha akageuka nyuma akaona kwamba wale wale aliowaandika, wafanyakazi wa reli na kina mama wa sokoni, hawawezi kuvisoma. Basi akiwa anakaribia umri wa miaka 40, umri ambao wengi wetu huona haya kufundishwa jambo lolote, akaenda Moscow kujifunza sinema, na mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, filamu ya dakika zipatazo 20 juu ya mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Kwake yeye sinema ilikuwa shule ya jioni. Itazameni Mandabi ya mwaka 1968. Ibrahima Dieng anapata hawala kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris, faranga 25,000, na katika hizo 20,000 ni za kumwekea mpwa mwenyewe, 3,000 ni za mama wa kijana, na 2,000 tu ndizo za Dieng. Na kwa kuwa hana kitambulisho, na kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, na kila dirisha la ofisi lina lake la kutaka, hawala ile inammaliza kabla hajaishika mkononi. Nani katika mji huu asiyeielewa habari hiyo? Nani hakupata kusimama kwenye dirisha kama lile? Hiyo ndiyo filamu ya kuwaonyesha watu.

MHARIRI: Shikamoo, Mwalimu wangu. Mandabi naipenda, na siku mtakapoionyesha nitabeba mkeka wangu mwenyewe. Lakini nataka tukiangalie hicho kipimo tujue kilitoka wapi, kwa maana kinapatikana pia mahali ambapo wewe usingependa kukutwa. Mwaka 1935, kule Vugiri, milimani juu ya Korogwe, Waingereza waliweka kambi ya kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, kwa fedha za wakfu wa Carnegie wa Marekani. Na hadi walipoifunga mwaka 1937 walikuwa wamekwisha kutoa filamu zipatazo 35, za ugonjwa wa safura, za kuweka akiba posta, za kilimo, wakazizungusha kwa lori katika nchi hizi zetu. Kisha mwaka 1939 ikaundwa idara ya filamu za makoloni huko London, na mkuu wake, William Sellers, aliyepata kuonyesha filamu za afya Nigeria, akashika kanuni zake: picha iende polepole, hila za kamera ziepukwe, na mtu akiondoka nyumbani kwenda sokoni aonekane njiani hatua kwa hatua, kwa kuwa Mwafrika, kwa dhana yao, akirushwa ghafla kutoka mahali hadi mahali, akili yake itabaki nyuma. Idara ile iliishi hadi mwaka 1955. Dhana yake imeishi zaidi.

MWALIMU: Bibi, unanitia kapu moja na mkoloni!

MHARIRI: Sikutii, nakuomba utoke. Tunaposema kwamba wavuvi wetu hawataielewa filamu inayoruka, bila ya kuwaonyesha hata mara moja, tunasema kwa Kiswahili fasaha yale yale aliyoyaandika Sellers kwa Kiingereza.

MWALIMU: Hapana, na hapa sitakuachia. Mkoloni alifanya picha zake ziwe nyepesi kwa kuwadharau watazamaji. Sembène alifanya zake ziwe wazi kwa kuwaheshimu. Vitu viwili vyaweza kufanana sura na kutofautiana nasaba. Daktari anayemweleza mgonjwa maradhi yake kwa lugha nyepesi hamtukani mgonjwa. Huyo Mambéty wako ndiye aliyewadharau watu, kwa kuwa alitengeneza picha kana kwamba hakuna mtu aliyekaa mbele yake.

Jibu la Mwalimu ni zito, na nakiri kwamba katika yote yaliyosemwa upande wake, hili ndilo ninalolirudia mara kwa mara. Lakini linasimama juu ya sharti moja, kwamba uwazi wa namna ya Sembène ndiyo njia ya pekee ya heshima. Na sharti hilo lilitikiswa na mtu ambaye hakuwa amesoma kitabu hata kimoja juu ya sinema.

MZEE WA MASHINE: Mimi nawasikiliza wasomi nashangaa. Mnasema kuelewa, kuelewa. Mimi nimeonyesha Awara ya Raj Kapoor, nimeonyesha Mother India, nyumba imefurika hadi watu wanakaa ngazini, na katika hao waliojua Kihindi walikuwa wachache, wengine wote ni Waswahili hawajui neno. Wakalia pale pa kulia. Wakatoka wanaimba nyimbo zile, silabi baada ya silabi, na Kihindi hawakijui mpaka leo. Sasa niambie, Mwalimu, walielewa au hawakuelewa?

MWALIMU: Walielewa kisa. Mama anateseka, mtoto anapotea, hakimu ana moyo mgumu. Hayo hayataki mkalimani.

MZEE WA MASHINE: Naam, hapo umesema. Lakini katikati ya kisa mwanamume na mwanamke walikuwa wanatoweka mjini, wanatokea juu ya mawingu wanaimba, mara wamebadilisha nguo, mara wamerudi. Nani aliwaonyesha njia waliyopita? Hakuna, na hakuna aliyeuliza. Watu walipiga mbinja pale mkanda ulipokatika tu, nao walinipigia mimi. Huyu Mambéty amekata mkanda wake kwa makusudi. Swali langu ni dogo, je, ukikatika kuna kitu upande wa pili?

MHARIRI: Kipo, babu, na niruhusuni nikieleze taratibu, kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu. Touki Bouki inaanza na kundi la ng'ombe wenye pembe ndefu wanaotembea nyikani, na mtoto amepanda mmoja wao, na filimbi inalia. Ukidhani umeletewa picha nzuri ya kijijini, unajikuta ghafla machinjioni mjini, ng'ombe wale wale wanavutwa kwa kamba, wanapigana na sakafu yenye utelezi, koo linakatwa, damu inatiririka, na kamera haigeuzi uso. Hakuna aliyetuonyesha njia kutoka nyikani hadi machinjioni. Mruko ule ndio habari yenyewe: hivyo ndivyo kijiji kinavyofika mjini. Kisha anatokea Mory, mchunga ng'ombe aliyepanda pikipiki, na mbele ya usukani amefunga fuvu la ng'ombe na pembe zake. Basi kila anapopita barabarani wewe uliyeyaona machinjio huwezi kumwona kijana na pikipiki tu. Yeye na mpenzi wake Anta, msichana wa chuo kikuu, wanataka meli ya kwenda Paris, na sauti ya Josephine Baker inawaimbia jina la mji huo, tena, na tena, na tena, hadi wimbo uliokuwa mtamu unakuwa kama mtu anayekubembeleza akuibie. Wanaiba sanduku la mapato ya mashindano ya mieleka, mapato yenyewe ya kujengea ukumbusho wa Jenerali de Gaulle. Wakilifungua wanakuta fuvu na hirizi. Wanafika bandarini hatimaye, nguo zao za kifahari ni za wizi, Anta anapanda ngazi ya meli, na Mory, mguu ukiwa karibu na ngazi, anageuka anakimbia kurudi mjini kutafuta pikipiki yake. Na hapo Mambéty anachanganya honi ya meli na ng'ombe wa mwanzo anayevutwa kwa kamba. Asingefanya hivyo, tungepata kijana mwoga aliyeshindwa kusafiri. Kwa kuunganisha vile, tunaona kijana amekataa kuvutwa, na wala hatujui kama amekataa kwa hekima au kwa hofu, na yeye pia hajui.

MWALIMU: Umeeleza vizuri sana. Ungekuja na filamu ukaeleza hivyo kila usiku, nisingekuwa na neno. Bahati mbaya wewe huuzwi pamoja na tiketi.

MZEE WA MASHINE: Mbona mimi sikuhitaji kuelezwa habari ya pembe? Niliposikia tu pikipiki ina pembe za ng'ombe nikajua kijana huyo ana mashaka.

Hapa ilinipasa kucheka, na Mwalimu pia alicheka, ijapokuwa kwa upande mmoja wa mdomo. Na nataka niongeze neno langu, kwa kuwa jambo lenyewe ni kubwa kuliko Senegali. Watu wa namna ya Mambéty hawakuzaliwa vyumbani mwa wenye nafasi peke yao. Dziga Vertov, Mrusi aliyetoa mwaka 1929 filamu isiyo na kisa, wala waigizaji, wala maandishi ya kufafanua, juu ya mtu na kamera yake mjini, alikuwa kabla ya hapo amesafiri na magari moshi yaliyobeba sinema hadi kwa wakulima wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hao ndio walikuwa katika watazamaji wake wa mwanzo. Jean Vigo wa Ufaransa alifariki mwaka 1934 akiwa na miaka 29, filamu yake ya L'Atalante ikiwa imekatwakatwa na wenye kampuni na kupewa jina la wimbo uliokuwa ukipendwa wakati huo, kwa hofu ile ile ya Mwalimu kwamba watu hawatapenda. Na watu hawakuipenda hata hivyo. Leo iliyokatwa haina anayeitafuta, na iliyorudishiwa viungo vyake inaonyeshwa ulimwenguni kote. Sisemi kwamba kila kisichoeleweka ni johari. Zipo filamu ambazo ugumu wake ni uvivu uliovaa kilemba, nami nimezitazama hadi mwisho kwa adabu tu. Ila hofu ya niaba, yaani hofu ninayoiona kwa ajili ya mtazamaji ambaye sikumuuliza, ni mshauri mbaya.

MWALIMU: Basi na tuulize. Walioitazama Touki Bouki ilipotoka ni nani? Ilionyeshwa Cannes, ikaonyeshwa Moscow. Mwaka 2008 ikasafishwa na kutengenezwa upya Bologna, Italia, kwa msaada wa mfuko wa Martin Scorsese. Mwaka 2018 Beyoncé na Jay-Z wakapigwa picha juu ya pikipiki yenye pembe, ikawa tangazo la ziara yao ya muziki. Fahari imekwenda kila mahali, naam. Lakini miaka 19 aliyokaa bila filamu ndefu, hao wenye kumsifu walikuwa wapi? Nami nachelea kwamba usiku wenu wa kumbukumbu ni wa namna hiyo hiyo: mtu akiwa hai haombwi kutengeneza picha, akifa anatandikiwa shuka.

MHARIRI: Hilo ni kweli, na linaniuma. Lakini angalia jambo moja. Mpwa wa Mambéty... la, ni binti wa ndugu yake, Mati Diop, mwana wa mwanamuziki Wasis Diop, alitoa mwaka 2013 filamu iitwayo Mille Soleils, akamfuata Magaye Niang, yule aliyekuwa Mory, akamkuta mzee yule bado yuko Dakar, bado anachunga ng'ombe. Wanaionyesha Touki Bouki hadharani usiku, na mzee anawaambia watoto waliokaa pale kwamba kijana yule wa pikipiki ni yeye, na watoto wanakataa katakata. Sasa, Mwalimu, watoto wale hawakusema hawaielewi filamu. Walichobisha ni kwamba mzee huyu amepata kuwa kijana yule.

MWALIMU: Hapo umenigusa kama baba, si kama mwanahistoria.

MZEE WA MASHINE: Mimi nitamgusa kama mwanahistoria. Mwalimu, umeitazama Le Franc?

MWALIMU: Sijaitazama.

MZEE WA MASHINE: Ya mwaka 1994, mwaka uliopunguzwa thamani faranga yao kwa nusu, watu wakalala na shilingi wakaamka na thumuni. Kuna mwanamuziki fukara, jina lake Marigo, mwenye nyumba amemnyang'anya ala yake kwa deni la kodi. Ananunua tiketi ya bahati nasibu, na kwa kuogopa kuibiwa anaigandisha kwa gundi mlangoni, juu yake anabandika picha ya shujaa wake. Tiketi inashinda. Haibanduki. Basi anaung'oa mlango mzima, anaubeba kichwani, anaupandisha basi, anavuka nao Dakar yote, jua kali, watu wanamtazama, yeye anaona tayari orkestra na utajiri. Anafika ofisini wanamwambia, namba ya uthibitisho iko nyuma ya tiketi. Nyuma, bwana! Upande wa gundi! Nilicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha.

MWALIMU: Lakini hiyo ni Mandabi kabisa. Pesa ni yako na huwezi kuishika. Hiyo ningewasomesha wanafunzi wangu, na habari ya kushuka kwa faranga ningeieleza ubaoni siku ya pili.

MHARIRI: Ndiyo, na ni yule yule aliyekata ng'ombe na meli. Alikusudia filamu tatu za watu wadogo. Ya pili, juu ya msichana mwenye magongo anayeuza gazeti la Le Soleil barabarani katikati ya wavulana wanaomsukuma, ilitoka mwaka 1999 mwenyewe akiwa kaburini, na ya tatu haikuwahi kutengenezwa. Hata Hyènes, ambayo alichukua kisa chake kutoka katika mchezo wa Mswisi, Friedrich Dürrenmatt, ni wazi kama mchana: Linguère Ramatou anarudi Colobane akiwa tajiri kuliko Benki ya Dunia, anaahidi mji mali isiyo na hesabu kwa sharti kwamba wamuue Dramaan, mwenye duka aliyemharibia ujana wake na kumkana mbele ya hakimu. Wanakataa kwa hasira. Kisha wanaanza kukopa, dukani kwa Dramaan mwenyewe na kwingineko, hadi viatu vipya, feni na majokofu. Hakuna anayesema atamuua, ila wote wananunua kana kwamba amekwisha kufa. Mwisho wanamzunguka, wakiondoka limebaki koti lake chini. Mwaka ule wa 1992 nchi zetu zilikuwa zimekaa mezani na wakopeshaji. Nani alihitaji mkalimani?

MWALIMU: Basi ninyi wenyewe mmenipa hoja. Alipotaka kusikika, alisema wazi.

MHARIRI: Alisema wazi pale palipokuwa na jambo la wazi. Jokofu ni jokofu. Lakini kijana anayetaka kuondoka na anayetaka kubaki kwa moyo mmoja na saa moja, huyo hana sentensi iliyonyooka, na ukimnyoosha umemsingizia. Sembène asingeweza kuitengeneza Touki Bouki, wala Mambéty asingeweza kuitengeneza Mandabi, na Dakar ile ile ilikuwa inazitaka zote mbili.

MWALIMU: Sijakubali. Nasema tu kwamba sijakubali kwa sauti ndogo zaidi kuliko ya mwanzo.

MZEE WA MASHINE: Inatosha, tupange usiku. Tuanze na Le Franc, ni dakika 45 hivi, watu wacheke wapate hamu. Kisha kahawa. Kisha Touki Bouki, yapata saa moja na nusu. Mandabi ije Ijumaa ya pili.

MWALIMU: Hayo machinjio yaondolewe, kutakuwa na watoto.

MHARIRI: Yako mwanzoni, Mwalimu, na yanarudi mwishoni. Ukiyaondoa, pembe za pikipiki zinakuwa pambo.

MWALIMU: Basi watoto watazame ya mlango, kisha wapelekwe kulala. Nitawapeleka mimi.

MZEE WA MASHINE: Na utarudi?

MWALIMU: Nitarudi. Lakini niwekeeni kiti nyuma, karibu na mashine, nikipotea nikuulize tumefika wapi.

MZEE WA MASHINE: Kiti utapata. Kuniuliza usiniulize, maana miaka yote ile nilikuwa nachunga mkanda, na safari hii nataka nitazame.